Majivu Kwenye Bwawa la Galu

Watu wa Ukunda wana mzaha wao: zimamoto huja bila maji. Nimeusikia kinyozini, nimeusikia harusini, na siku hizi sicheki. Maji tunakuja nayo. Ila tangi la gari likishafunguliwa huisha upesi, na hapo mimi mwendesha pampu sina budi kuvuta maji pengine: kisimani, mtoni, baharini, popote bomba langu litakapofika.

Kabla ya adhuhuri siku ile moto ulikuwa Galu, nyuma ya hoteli moja, kwenye nyumba ya makuti ya mama mmoja aliyekuwa akifanya usafi hotelini humo. Alikuwa ametoka kazini mbio, na sare yake mwilini. Jiko lilikuwa limeshateketea, lakini vyumba vya kulala vilikuwa bado. Tukamwaga tuliyokuwa nayo, moto ukanywea, kisha tangi likakauka.

Bahari ilikuwa pale pale, lakini ilikuwa bamvua, siku ambazo bahari hupwa mbali, na maji yalikuwa yamerudi hadi mwambani. Bomba la kunyonyea lina urefu wake. Kilichobaki ni bwawa la kuogelea la hoteli, ng'ambo ya ukuta.

Nikalisogeza gari hadi langoni. Askari, mtu wa bara, akaniambia kwa upole kabisa, "Boss, siwezi fungua bila meneja. Wageni wanaswim."

Meneja akaja kwa mwendo wake. Akataka kujua kama bomba letu lina matope, kama vigae vitakwaruzika, na nani atalijaza bwawa tena. Nilimjibu yote, huku moshi ukizidi kuwa mweusi nyuma yangu. Nilitamani kumzaba kibao, na sioni haya kusema hivyo. Hata alipokubali, alituma kwanza mtu awaombe wageni watoke. Wakatoka taratibu, wakijifuta, mmoja akipiga picha.

Tukazamisha chujio la bomba bwawani, pampu ikakohoa, ikashika. Yalikuwa maji mengi, safi, ya buluu. Nikayavuta kwa hasira hata mwenzangu aliyeshika mpira wa kumwagia maji akaniashiria nipunguze, kwa kuwa alikuwa akimwagia majivu. Zilibaki kuta za udongo tu.

Nilimwendea yule mama. Nikamwambia, "Shikamoo, mama. Utuwie radhi."

Akaitikia marahaba, kisha akasema, "Nyinyi mlikuja, mwanangu."

Afadhali angalinitukana.

Asubuhi yake tulirudi kuhakikisha hakuna kaa linalofuka. Lango la hoteli lilikuwa wazi. Upepo ulikuwa umepeleka majivu ya makuti hadi bwawani, nayo yakatanda juu ya maji, na meneja alikuwa amewaita watu wa usafi mapema. Yule mama alikuwa ukingoni na wavu wa mpini mrefu, amevaa sare ileile ya jana, nguo pekee iliyomsalia. Alikuwa akiopoa nyumba yake kidogo kidogo, wageni wapate kuogelea.