Siku Nyanya Alipozungumza na Kompyuta

Juzi nilikuwa Garissa kwa dada yangu, nikinywa chai ya maziwa ya ngamia, mpwa wangu akawatumia jamaa watatu wa ng'ambo sauti yake kwa simu huku akitafuna. Hakumsalimu hata mmoja. Nilimdharau, ndugu yangu, kwa raha zote, mpaka nikakumbuka kwamba katika mambo haya mjinga mkuu wa ukoo ni mimi.

Miaka ya tisini barua zetu zilikuwa kaseti. Redio ya kurekodia iliwekwa mkekani, harufu ya mikate ya anjera ya asubuhi ingali ndani ya nyumba, na kila mtu akasema lake. Hazikuwa na hadhi, lakini zilifika. Ndipo mjomba, karani wa shirika fulani la misaada, alipoletewa kompyuta mpya ofisini, akaibeba nyumbani ile kuukuu. Aliivisha kitambaa cha kudarizi kama bi harusi. Ni mimi tu niliyeruhusiwa kuigusa, kwa kuwa niliwahi kuona nyingine shuleni. Kwa elimu hiyo nikawa profesa.

Nyanya alikuwa na binti Uswidi, mama yangu mdogo, aliyeolewa bila idhini yake. Miaka sita hakumtumia neno. Asubuhi moja akatangaza kwamba atampa radhi, na jirani aliyekuwa akisafiri kwenda huko kesho yake ataipeleka. Akaomba redio.

"Kaseti ni ya wachunga mbuzi," mjomba akasema. Nami mpumbavu nikacheka.

Nilichomeka maikrofoni kwenye tundu la kwanza la kompyuta: kimya. La pili: kimya. La tatu nikasema "moja, mbili," kompyuta ikanirudishia sauti yangu, kichwa kikavimba. Nyanya alikuwa akiukazia macho mstari wa kijani uliotetemeka kwenye kioo.

"Warya, wee kijana! Funika hilo. Linanitazama kama mkwe asiye na adabu."

Nikakifunika kioo kwa shali yake. Akaanza na salamu, kama ilivyo kwetu. U mzima? Watoto wazima? Mumeo, huyo huyo, mzima? Mvua imenyesha? Malisho? Ngamia, ingawa najua huna? Alipomaliza ndipo akafika kwenye radhi, akalia, akasema maneno ambayo sikuwahi kumsikia akimwambia mtu mwingine. Nilipofunua, mstari ulikuwa umelala. Nikadhani umelala kwa kuwa nyanya amenyamaza. Nikahifadhi kwenye diski, jirani akaondoka nayo.

Kumbe programu ile ilirekodi dakika moja tu, kisha ikakata bila hata kukohoa. Dakika moja! Aliyeitengeneza hakuwahi kusalimiwa na Msomali.

Baada ya majuma mawili mama mdogo akapiga kwenye kibanda cha simu. "Miaka sita, halafu mama ananiuliza mvua tu?"

Tulimsihi nyanya arudie. "Nimekwisha kuitoa, na Mungu alikuwepo. Radhi si chai, haipashwi moto. Aliyesikia amwambie."

Aliyesikia nilikuwa mimi. Nikasimama kibandani, jasho likinitiririka, nikamkariria neno kwa neno. Akanishukuru kwa upole mno.

Nyanya alifariki kabla binti yake hajarudi. Redio zile zimekwisha, na watu wa kukusalimu mpaka chai ipoe nao wamekwisha. Mama mdogo huja likizo. Amesoma vitabu vyote vya hadithi nilivyoandika, na husema hakuna nilichotunga vizuri kama ile radhi.