Kisanduku cha Mwenyeji

Siku ya kwanza kazini nilifika na kalamu tatu mfukoni na shahada ya jiografia ndani ya bahasha, na hakuna aliyeuliza habari za kimojawapo. Ofisi ilikuwa Deira, mjini Dubai, ghorofa ya pili, juu ya wakala wa kargo, na kutwa tulisikia utepe wa kufungia maboksi ukichanwa chini ya miguu yetu. Mhariri wa Majina, Mzee Hilali, Mzanzibari wa familia iliyofika hapa kabla barabara nyingi za mji huu hazijapewa majina, alinisukumia karatasi akaniambia nieleze kisiwa cha kwetu, Pate, kwa ukurasa mmoja. Nilimaliza kabla ya chai. Alisoma, akaniuliza nimeondoka nyumbani lini. Nikasema ni miaka minane sasa. Akaisogeza simu ya mezani mbele yangu.

"Basi piga," alisema. "Nani wenu alolala kule jana?"

Nilimpigia shangazi yangu, Bi Mwanaisha. Katika dakika kumi aliniarifu kwamba kisima nilichokisifu kimefukiwa, kwamba njia ya kwenda shambani niliyoielekeza sasa inapita ndani ya sebule ya mtu, na kwamba muuza mikate niliyemwandika kuwa mcheshi alifariki mwaka juzi. Nikaandika upya huku masikio yakiwaka moto. Mzee Hilali hakucheka. Alichukua karatasi na chini kabisa, ndani ya kisanduku kidogo kilichochorwa kwa rula, akaandika: Mwanaisha, Pate. Hiyo ndiyo ilikuwa kadi yangu ya kwanza.

Nieleze kidogo, maana kazi yenyewe sasa inafanywa zaidi na mashine na vijana wengi hawajui kwamba iliwahi kufanywa na watu. Kampuni yetu iliandika maelezo ya mahali na kuyauzia mashirika ya safari na watu wa ramani za simu. Kila mahali palikuwa na kadi yake: jina, historia, wakazi, njia, chakula. Nukta iliyobandikwa kwenye ramani ili msafiri aifuate tuliita pini. Na kile kisanduku cha chini, kisanduku cha mwenyeji, kilikuwa sheria ya Mzee Hilali mwenyewe: kadi haifungwi mpaka isomwe kwa simu, neno kwa neno, kwa mtu anayelala mahali pale, naye akubali. Jina lake ndilo linaloandikwa. Bila jina, kadi inabaki wazi hata kama mteja analia mlangoni.

Nilikaa Deira miaka tisa, dawati la Afrika Mashariki. Nilisomea kadi wavuvi, walimu wakuu, maimamu, na mama mmoja wa Ukerewe aliyenisahihisha huku akisonga ugali. Nilisikia mwiko ukigonga sufuria. Kisha Mzee Hilali akastaafu, ofisi ikahamia Ras Al Khor ambako kodi ilikuwa nafuu, kati ya ghala la gearbox kuukuu na gereji tatu, nasi tukapata Mkuu wa Maudhui aliyetoka kwenye mahoteli. Nikapandishwa cheo: Mhariri wa Dawati la Visiwa, visiwa vya dunia nzima. Kadi zikatakiwa mbili kwa siku.

Madam, kama tulivyomwita Mkuu wa Maudhui, hakuwa mtu mbaya. Alikifuta kisanduku? Hapana, alikipenda sana, wateja walikipenda, kilileta harufu ya ukweli. Alichofuta ni muda wa kupiga simu. Sasa wewe fikiria: mhariri yuko Dubai, kadi ni ya kisiwa cha Pasifiki ambako watu wamelala, kadi nyingine inasubiri, na fomu ya kompyuta haikubali kuendelea kisanduku kikiwa kitupu. Mwenzangu wa dawati la kaskazini, Namutebi, Mganda wa Masaka mwenye sauti ya kwaya, ndiye aliyenionyesha njia. Alikuwa amemwandika pasta wake wa nyumbani kuwa mwenyeji wa visiwa viwili vya Norwei. "Mzee Shee, kisanduku kinataka jina," aliniambia, "hakijasema jina la nani."

Mimi nikamwandika shangazi. Kwanza mara moja, nikiahidi nitapiga kesho. Baadaye sikuahidi tena. Bi Mwanaisha akawa mwenyeji wa visiwa kumi na kimoja, katika bahari tatu, bila kutoka kwenye baraza yake. Na katika miaka hiyohiyo niliandika makala gazetini kuhusu uongo wa ramani za wakoloni. Nilisifiwa.

Kadi iliyonipata ilikuwa ya Molokai, kisiwa kimoja cha Hawaii. Niliiandika kwa moyo wote, na hilo ndilo linaloniuma. Nilisoma wiki nzima, usiku, nyumbani: mabwawa ya kufugia samaki yaliyojengwa kwa mawe ufukweni na wazee wa kale, na mengine yangali yamesimama, rasi iliyo chini ya majabali ambako serikali ya kifalme, katika karne ya kumi na tisa, ilianza kuwapeleka wagonjwa wa ukoma wasirudi, mashamba ya mananasi yaliyoleta vibarua kutoka Ufilipino na Japani, yakafungwa, vibarua wakabaki na kuwa wenyeji. Kwenye jina nilijigamba zaidi. Siku hizi wengi huandika Moloka'i, na ile alama ndogo kabla ya irabu ya mwisho huonyesha sauti inayokatwa kooni, nayo kwa Kihawaii ni herufi kamili kama nyingine. Lakini baadhi ya wazee wa kisiwani hulitamka bila kukata. Nikaweka majina yote mawili na kueleza kwa nini. Mzee Hilali angetikisa kichwa kwa kuridhika.

Kisha, kwa kuwa mteja alitaka "kona isiyojulikana", nikashuka kwenye picha za setilaiti hadi upande wa mashariki, nikakuta kijiji kidogo, bwawa la mawe, njia ya vumbi na uwanja wenye nyasi na mawe yaliyopangwa. Nikaweka pini. Nikaandika kwamba njia ni huru kwa wote na kwamba uwanja wa nyasi ni mahali tulivu pa kupumzika na kula chakula cha mchana. Kisanduku: Mwanaisha. Fomu ikapita.

Jumatatu iliyofuata madam alikuja hadi mezani kwangu, jambo lisilo la kawaida, akitabasamu. Mteja, shirika kubwa la safari, alikuwa ameipenda kadi kiasi kwamba angeanza kupeleka makundi kwenye kile kijiji. Naye alitaka Alhamisi kufanya simu ya video na Mwanaisha, awakaribishe wasafiri kwa maneno yake mwenyewe. Nikasema inshallah kwa ile sauti ambayo mtu huisema akiwa hana mpango wowote.

Mkataba wangu ulibakiza miezi minne. Visa yangu ilikuwa ya kampuni, na binti yangu Zuhura, aliyekuwa mwaka wa mwisho wa shule, aliishi nchini kwa visa yangu, maana mshahara wa mama yake haukutosha kumdhamini. Kugundulika ni kuondoka, yeye akiwa hajafanya mtihani. Jumatatu hiyo sikula. Mke wangu, mwalimu wa chekechea mtaa wa Al Warqa, aliniuliza mara mbili kama ninaumwa, nami nikamjibu kwamba ni kiyoyozi.

Jumanne nilifanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nikiwa naoga, naguna peke yangu. Nilimpigia shangazi nikamwomba awe Mhawaii kwa dakika tano. Nilimwambia atabasamu tu, aseme karibuni kwa Kiswahili, mimi nitatafsiri. Hakukataa. Alitaka kujua avae leso gani na kama ajitie wanja. Nilikuwa nimeanza kupumua.

"Lakini mwanangu," alisema, "hao wenye kisiwa chao wako wapi wasiseme wenyewe?"

Nikamwambia wako mbali.

"Mbali na nani?"

Jumatano nilitoka nyumbani alfajiri. Saa kumi na mbili asubuhi yetu, kule ni saa kumi jioni ya siku iliyopita, na maktaba ndogo ya mjini kwao ilikuwa bado wazi. Nilipiga nikiwa ndani ya gari, nimeegesha mbele ya ghala la gearbox, kioo kimefungwa. Mtunza maktaba alikuwa mwanamke mtu mzima, mwenye Kiingereza cha taratibu. Nilijieleza vibaya. Akaniambia nimsomee hiyo kadi.

Nilisoma historia, alinisahihisha mahali pawili. Nilisoma sehemu ya jina. Akasema bibi yake hakukata, yeye hukata, nami niache vile vile nilivyoandika. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu nilijisikia mtu mwenye kazi yake. Kisha nikafika kwenye kijiji. Nilimaliza. Upande wangu fundi mmoja alianza kugonga chuma.

"Ni nini hiyo?" aliuliza.

"Gereji, mama. Samahani."

"Hiyo njia ni ua wa watu," alisema. "Na hapo unapowaambia wakae wale, ndipo tulipomzika babu yangu. Nani alikwambia pako huru?"

Ningeweza kusema setilaiti. "Shangazi yangu," nilisema.

"Anaishi hapa?"

"Anaishi Kenya."

Alicheka, si kwa furaha, na aliendelea kidogo zaidi ya nilivyoweza kuvumilia. Kisha akaniambia taratibu, kama anayeagiza dukani, kwamba kisiwa niandike, mji wa bandari niandike, mabwawa yale ambako wageni hupokewa niandike. Kijiji nikitoe, jina na pini. Hatazungumza na mteja wangu. Jina lake nisiliweke popote. Nikamuuliza kama ningeweza kumpigia tena. Akasema maktaba iko wazi kwa kila mtu, hiyo ndiyo kazi yake.

Kwa hiyo Alhamisi niliingia kwenye chumba cha kioo cha madam nikiwa nimepoteza hata kile nilichokuwa nacho Jumanne. Shangazi alikuwa tayari. Alikuwa amenitumia picha akiwa na leso yake ya sikukuu na wanja. Simu ingefaulu. Mteja asingejua, makundi yangekwenda, watu wangekula mikate yao juu ya babu ya yule mama, na Zuhura angefanya mtihani. Nilizihesabu hatua za kutoka mlangoni hadi kwenye kiti. Zilikuwa sita.

"Mwanaisha yuko tayari?" madam aliuliza.

"Yuko tayari, madam. Ila ni shangazi yangu. Yuko Pate."

Alivua miwani. Nikamweleza yote: kisanduku, setilaiti, makaburi. Nikasema mwenyeji wa kweli nimempata jana, na anataka kijiji kitoke.

"Kitoke wapi?"

"Kwenye kadi. Kwenye ramani. Kote tulikokiweka."

"Mteja amenunua kijiji, Bwana Shee."

"Najua, madam."

Aliuliza shangazi yangu ni mwenyeji wa visiwa vingapi. Nikamwambia kumi na kimoja, kumi na viwili ukihesabu Pate, lakini cha Pate ni halali. Hapo mlango ulifunguliwa. Namutebi alikuwa amesimama nje ya kioo muda wote, na kioo kile hakizuii sauti.

"Madam, na mimi niko na pasta wangu huko Norwei," alisema. "Yeye hata barafu hajawahi kuona, labda ya soda."

Madam alitutazama mmoja mmoja, kisha akaifunga kompyuta yake. "Khalas, yaishe," alisema. "Hakuna simu ya video."

Kijiji kilitoka siku ileile. Niliifuta pini mwenyewe, nikitazama mlango kama mtu anayeiba. Mteja aliondoka na kadi zake nyingine zote. Madam alitupa miezi mitatu, mimi na Namutebi, kupigia simu kila kisiwa tulichokipa jamaa zetu. Tulikuja alfajiri, tukapiga, tukasahihishwa, tukaomba radhi kwa lugha tusizozijua. Ilikuwa miezi ya hofu, na wakati huohuo sijawahi kuifanya kazi vizuri kuliko hapo. Zuhura alifanya mtihani wake wiki mbili kabla ya mkataba wangu kwisha. Mkataba haukufanywa upya; wa Namutebi ulifanywa. Barua ilisema nimestaafu, neno la heshima kwa mtu wa miaka hamsini na sita, nami nimelishika hilohilo. Leo naishi nchini kwa visa ya mke wangu, aliyepandishwa cheo mwaka ule. Yeye ndiye kafeel wangu, mdhamini, na hunikumbusha hasa siku za kuosha vyombo.

Vijana wananiuliza kama kazi ile ilikuwa na maana, ikiwa mashine inaeleza kisiwa kizima kwa muda wa kupepesa jicho. Ninachojua ni kwamba kila Ijumaa, baada ya swala, nafungua ramani ya simu, nashuka hadi mashariki ya Molokai, na kuangalia kama kuna mtu amekirudisha kijiji. Sitakitaja hapa. Mpaka Ijumaa iliyopita palikuwa na kijani tu, na mstari wa mawe baharini. Hofu hainiishi, kuna ofisi nyingi, na fomu nyingi zinazotaka jina.

Wiki hii shangazi alinipigia mwenyewe, jambo analolifanya akiwa na kesi. Alisema kuna binti wa kazini kwetu, wa Dubai, mwenye sauti ya kwaya, amempigia kumsomea kadi ya Pate upya, neno kwa neno, na kumuuliza kama ile njia ya shambani bado inapita sebuleni mwa mtu.

"Ukamjibu nini?" nikauliza.

"Nimjibu nini, na mimi magoti haya sijafika huko tangu Ramadhani?" alisema. "Nilimwambia asikate simu. Nikavaa viatu, nikaenda kuangalia."