Usiku wa Gwaride la Taa, Kongowe

Harufu ya bisi iliyochanganyika na moshi wa jenereta bado inanitia hasira. Nimekutana nayo stendi ya Morogoro, nimekutana nayo kwenye maonesho ya wakulima Mbeya, na kila mara nageuza uso. Mimi ni mtu wa kuzurura. Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo nimeuza mitumba, nimepika kwenye kambi za wajenzi wa barabara, nimelala katika miji ambayo majina yake nimeyasahau, kwa sababu tu nilitaka kujua huko kuna nini. Mambo mabovu nimeyaona mengi. Lakini gwaride la taa la bustani ya michezo pale Kongowe ya Kibaha, nililoliona nikiwa na miaka kumi, sijaona bado la kulizidi.

Kwetu ni Kisarawe, ndani, upande wa kwenda Maneromango. Msimu ule dada yangu Zena alikuwa mwali. Alikuwa amewekwa chumbani kwa bibi mwezi mzima, anapakwa liwa, anafundwa na kungwi wake, nasi tukisikia kikohozi chake tu kupitia ukuta wa udongo. Siku ya kumtoa ilikwishapangwa, Jumamosi, na wa kumtoa alikuwa mjomba Kondo, kaka yake mama, kwa ngoma aliyoachiwa na babu. Ngoma yetu ya kumtoa mwali ni mdundiko, na mdundiko si ngoma ya kukaa ukaitazama. Inatembea, mwali anatembea nayo, na kila anayeisikia anaacha jembe, anaacha sufuria jikoni, anaifuata. Mimi niliwahi kuifuata hadi nikapotea, nikarudishwa kesho yake na watu nisiowajua, na mama hakunigusa, maana yeye naye alipotea hivyo hivyo alipokuwa mdogo.

Zilipobaki siku tisa, mjomba akaja na habari. Bustani mpya ya Kongowe ilikuwa inatafuta mpiga ngoma za asili kwa gwaride la usiku, na ufunguzi ni Jumamosi hiyo hiyo. Akaomba Zena angoje wiki mbili zaidi. Bibi, ambaye ndiye mama yake, alikuwa anamenya mihogo na hakuinua kichwa.

"Mama, hii ngoma ya baba itaonwa na watu wa Dar wote," mjomba akasema.

"Watu wa Dar wana macho tu, masikio hawana?"

"Wataisikia pia, mama."

Zena alilia nyuma ya ukuta, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeogopa kuchafua kitu. Mjomba aliondoka na ngoma begani.

Jumamosi tukapanda lori la mkaa, kijiji karibu kizima, mkaa wenyewe ukiwa umeshushwa lakini vumbi lake limebaki, tukafika Kongowe weusi hadi kwenye meno. Tulisimamishwa nyuma ya kamba. Spika ikakohoa, kikaanza kinanda, na sauti ya mwanamume ikatuahidi maajabu ya dunia. Maajabu yenyewe yalianza na kirikuu, kigari cha mizigo, kilichoviringishiwa taa, juu yake malkia akitafuna bablishi. Wakafuata vipepeo watatu waliovaa viatu vya shule. Kisha mamba wa kitambaa, mrefu, jicho moja linawaka, la pili limezimika, na miguu ya watu wanne chini yake ikigombana nani atangulie. "Mamba kaisha chaji," mtoto wa jirani yetu akasema, na watu wazima wakacheka kwa aibu, kama wanaocheka msibani. Safari nzima ilikuwa kuzunguka mabembea mara moja. Bibi yangu alikuwa akitembea zaidi ya hapo kwenda kuomba chumvi.

Mwisho akaja mjomba Kondo, manyoya ya kuku kichwani, suti inayong'aa mwilini. Ngoma ya babu ilikuwa kifuani pake na ilikuwa inawaka kwa ndani, nyekundu, kijani, nyekundu. Mikono yake ilipiga. Kilichosikika ni kinanda.

Watu wa kwetu wakafanya kitu pekee walichokijua. Ngoma imepita, wakavuka kamba, wakaifuata. Hakukuwa na ubishi wala fujo. Walitembea tu nyuma yake, akina mama wakifunga khanga vizuri kwa ajili ya njia ndefu. Mlinzi akatukimbilia.

"Jamani, hairuhusiwi kufuata. Simameni mtazame."

"Mwanangu," bibi akamwambia, "ngoma inapita mbele yangu, mimi nibaki nimesimama kama nguzo ya umeme?"

Njia ndefu ile iliishia nyuma ya uzio wa mabati, karibu na vyoo. Mchezaji mmoja aliyevalia kama simba alikuwa amevua kichwa cha bandia na anakunywa maji. Mjomba alikuwa amekaa juu ya kreti la soda. Mimi ndiye niliyefika kwanza, maana siku zote nilikuwa mwepesi wa kuchungulia. Niliiona ngoma kwa karibu: ngozi imebanduliwa, imewambwa nailoni nyeupe, na waya zimepitishwa kwenye tundu lililotobolewa ubavuni.

"Shikamoo, mjomba. Ngozi iko wapi?"

"Marahaba. Walisema inazuia taa."

"Wameitoa wao?"

"Nimeitoa mwenyewe."

Bibi alikuwa ameshafika nyuma yangu. Aliinama, akaipiga nailoni ile kwa kiganja mara moja. Ililia kama beseni. "Zena atatoka na hii?" akauliza. Spika ikaita mzunguko wa pili, mjomba akainuka, akachomeka waya, akaenda. Bibi aligeuka akatuongoza kwenye lori, na hakuna aliyemfuata mjomba.

Zena alitolewa wiki mbili baadaye kwa madumu na masinia ya akina mama. Walijitahidi, lakini sauti haikuvuka hata bonde, na kutoka kijiji cha pili hakuna aliyekuja.

Siku hizi shughuli nyingi za Mkuza na Janga, upande wa Kibaha, zinakodi spika, na watu wanasimama wanarekodi kwa simu. Nazidharau, nakiri, na pengine ni dharau ya mtu asiye na kwake. Mwaka huu binti wa Zena ni mwali, amewekwa ndani, na mimi, kwa kuwa najulikana kwa kuzunguka, nikatumwa kutafuta mpiga ngoma. Niliwapata watatu. Wawili waliniuliza kama nyumbani kuna umeme. Wa tatu ni mjomba Kondo, mzee sasa, amewamba ngozi mpya na ameziba lile tundu kwa nta. Alinipigia kidogo uani kwake, nami miguu ilianza kutembea kabla sijaiambia. Nilimweleza Zena yote hayo. Alinisikiliza hadi mwisho, akaendelea kupepeta mchele.

"Mtafute mwingine," akasema.

Kesho naelekea Mzenga kutafuta.