Wycliffe Ukutani Kwenye Harusi ya Hawa

Jumamosi iliyopita, ukumbi mzima hapa Kibera ulisoma ukutani kwamba Hawa anaolewa na Wycliffe. Wycliffe ni mimi, fundi wa kompyuta kutoka Gatina. Nilikuwa nimekuja kuwasha projekta tu.

Mzee Juma, babake Hawa, alinipa kazi ya kutengeneza programu ya kuonyesha majina na picha za maharusi. Ikimpendeza, angenipa harusi zote za ukoo wake. Aliniomba jambo moja: vijana wasichezee majina. Basi nikayafunga. Ndani ya programu, kitu kinachobeba majina huyapokea mara moja tu kinapoundwa. Baada ya hapo hakuna wa nje anayeyagusa, wala hayabadiliki mpaka programu iandikwe upya. Nilipoijaribu nyumbani nilijua jina la Hawa peke yake, kwa hivyo upande wa bwana harusi nikaweka langu. Halafu nikasahau.

Pale ukumbini, MC alibonyeza kila kitufe akijaribu kuliondoa jina langu.

“Si ubadilishe, bro!”

“Haibadiliki. Niliifunga vizuri.”

“Basi iandike upya!”

“Kompyuta ya kuandikia iko Gatina.”

Shangazi wa Hawa akasimama, amejishika mbavu. “Wycliffe, mahari ulileta lini, baba? Mbona hatukukuona?”

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko na vigelegele. Hawa alicheka mpaka wanja ukamchirizika. Mzee Juma alifuta machozi kwa kofia yake. Ramadhani, bwana harusi mwenyewe, alikuwa ameinuka na kuchukua maikrofoni, na yeye bado hakuwa amecheka.