Damu Iliyoliwa na Nzi

Kabla ya maabara nilikuwa nimeacha kila kitu nilichowahi kuanza. Shule niliiacha kidato cha pili, si kwa ubaya wa mtu yeyote, ila dirisha la darasa lilitazama karakana ya mchomeleaji na mimi nilitaka kujua ule moto wa bluu unatoka wapi. Nilimsaidia mchomeleaji huyo miezi minne. Baadaye nikabeba mizigo ya wageni katika loji moja ya Eastleigh, Nairobi, nikauza viatu vya mitumba, nikafunga madishi ya televisheni juu ya mapaa ya Umoja. Kila kazi niliipenda mpaka nilipoielewa. Nikishaielewa, miguu inaanza kuniwasha.

Nikikaribia miaka thelathini nilifanya mtihani wa kidato cha nne, nikiwa mtu mzima na ndevu zangu, na chuo kimoja cha jamii kule Mowlem kikanipokea katika kozi ya cheti ya maabara. Chuo chenyewe kilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la misumari na mabati. Sikwenda kwa wito. Niliwahi kupimwa malaria, nikaona mtu anaondoka na tone la damu yangu na kurudi na jibu, na tangu siku hiyo nilitaka kujua nyuma ya ule mlango kulifanyika nini.

Mafunzo ya kazini niliyafanya katika kliniki ndogo ya Ziwani. Aliyenisimamia alikuwa mama wa makamo kutoka Ukambani, binti wa mchonga vinyago, na wanafunzi wote tulimwita Madam. Sharti la chuo lilikuwa moja: nisome slaidi kumi za malaria mfululizo, jibu langu lilingane na lake, ndipo atie sahihi. Bila sahihi hiyo hakuna cheti.

Kusoma slaidi ni kazi ya kukaa. Unatazama duara moja la mwanga ndani ya hadubini, unaisogeza slaidi kidogo, unapata duara jingine. Kila duara tuliliita uwanja. Huruhusiwi kuandika kwamba hukuona vimelea mpaka umepita viwanja mia moja. Mimi nikifika uwanja wa arobaini nilikuwa nimeshajua rangi inavyokaa, nimeshaona chembe moja ya ajabu na kuifuata mpaka nikapoteza hesabu, na goti langu linatikisa meza.

"Wewe una macho," Madam aliniambia wiki ya kwanza. "Makalio ndiyo huna."

Hata hivyo nilifika slaidi tisa. Ilikuwa Julai, baridi imeshika, na wiki yangu ya mwisho ilikuwa imeanza.

Asubuhi hiyo alikuja kibarua wa kiwanda, mtu wa magharibi mwa Kenya, aliyekuwa amerudi kutoka kwao kumzika shangazi. Alikuwa anatetemeka ndani ya jaketi mbili.

"Daktari, zamu yangu ni saa nane," akasema. "Nikichelewa geti inafungwa, na nafasi yangu anapewa mwingine."

"Mimi si daktari."

"Na hiyo koti ni ya nani?"

Nilimdunga kidole, nikaweka tone zito kwenye slaidi na kulitandaza kwa duara. Tone kama hilo halipashwi moto. Linakauka lenyewe, na siku za baridi linachukua hata saa nzima. Likiwa linakauka lazima lifunikwe, kwa sababu nzi hupenda damu. Tulikuwa na kawa la waya kwa kazi hiyo. Madam alikuwa ametoka kwenda kuchukua dawa za kupimia. Nje, uani, mafundi walikuwa wanashusha pampu katika kisima cha kliniki, na nikasikia mmoja wao akisema bomba limekataa kuingia.

Nilitoka kuangalia tu. Nilitaka kujua bomba la chuma linakataaje. Niliuliza swali moja, likazaa lingine, na msimamizi wa mafundi alikuwa mtu wa kujibu. Niliporudi, kawa lilikuwa bado limening'inia msumarini, na nzi watatu walikuwa juu ya slaidi. Lile tone lilionekana kama nguo iliyoliwa na nondo.

Nililitia rangi vivyo hivyo. Nilihesabu viwanja arobaini na moja vyenye damu. Baada ya hapo ni glasi tupu. Katika vile arobaini na moja sikuona kimelea hata kimoja.

Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Slaidi ya kumi, maneno mawili, hakuna vimelea, na nimemaliza kitu kwa mara ya kwanza maishani. Nilimtazama yule bwana kupitia mlango uliokuwa wazi. Alikuwa ameegemeza kichwa ukutani, meno yanagongana.

Nikaenda kumwambia nahitaji kumdunga tena.

"Tena? Na ile ya kwanza umepeleka wapi?"

"Imeliwa na nzi."

"Nzi."

"Niliiacha bila kuifunika. Ni kosa langu."

"Kwa hivyo kuna nzi hapa ameshiba, na mimi mwenyewe sijakunywa hata chai." Mama aliyekaa karibu naye akaficha kicheko ndani ya leso. Mgonjwa mwenyewe hakucheka. Aliinamia upande wangu. "Boss, niambie ukweli. Kuna kitu mbaya umeona?"

"Sijaona kitu. Na siwezi kukuambia hakuna."

Alifikiria, akanyoosha mkono mwingine. "Dunga huu. Ule mwingine ndio nashikia mashine."

Safari hii nilifunika, na bado nikakaa pale pale nikipunga faili juu ya kawa kama muuza nyama. Uani bomba liliingia. Nilisikia mafundi wakishangilia na sikujua wamefanyaje. Iliniuma kweli. Nilikaa. Nilitia rangi, nikasubiri, nikaosha, nikaanza kuhesabu. Kwenye sabini mgongo uliniambia inatosha. Kwenye uwanja wa themanini na tatu nikaona pete ndogo ya bluu yenye nukta nyekundu. Kwenye themanini na sita, nyingine.

Madam alirudi saa saba. Nilimpisha kitini.

"Uwanja wa ngapi?" akauliza, jicho likiwa kwenye hadubini.

"Themanini na tatu."

Akasogeza, akasogeza tena. "Malaria. Mpelekee ofisa wa kliniki jibu, aanze dawa."

Mgonjwa aliomba aone. Madam akamruhusu. Alifumba jicho lile lile aliloliweka kwenye hadubini, nikamwonyesha afumbe lingine. "Ndio hizo?" akasema. "Mimi nilidhani ni kitu kikubwa." Alichukua dawa na kuondoka saa nane kasorobo, akitembea kama mtu anayejizuia kukimbia.

"Huyo mtu ana pamba vidole viwili," Madam akasema.

Nikamweleza yote, hata bomba.

"Iandike kwenye rejista. Slaidi ya kwanza imeharibika, sababu nzi, jina lako."

"Lakini ya pili nimesoma sawa, Madam."

"Umesoma sawa. Ya kwanza pia ilikuwa yako." Alivuta kitabu changu cha mafunzo akapiga mstari chini ya ile tisa. "Mfululizo umekatika. Kesho unaanza moja. Chuo nitawapigia mimi, niwaambie unahitaji muda."

Nilivua koti nikatoka nje. Mafundi walikuwa wanapakia kamba kwenye lori.

"Wewe wa maswali," msimamizi akaniita. "Kesho tuko Mowlem. Kisima cha mita mia mbili. Nimepungukiwa na mtu. Si uje?"

Mita mia mbili. "Maji ya huko chini huwa baridi ama moto?"

"Njoo ushike mwenyewe."

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye bodi ya lori.

"Nina slaidi kumi za kusoma," nikamwambia.

"Hizo zinachukua muda gani?"

"Sijui."

Alicheka, akapanda. Nilisubiri mpaka lori likakata kona, kwa sababu sikujiamini, ndipo nikarudi ndani.