Bibi Wawili Wasio na Midomo

Kila asubuhi, kabla hata ya chai, mchoraji alichovya kitambaa kwenye mafuta ya taa na kufuta mdomo aliouchora jana. Macho aliyaacha. Mikunjo ya shingo na hereni aliziacha pia. Mdomo tu ndio haukuwa na bahati chumbani mwake.

Alikulia nyumba yenye bibi wawili, mzaa mama na mzaa baba, kila mmoja na lugha yake, dini yake na jinsi yake ya kukata kitunguu. Jiko lilikuwa moja. Hawakuelewana hata neno, kwa hiyo mjukuu ndiye aliyetafsiri. Huyu akisema, "Mwambie mwenzangu mchuzi wake unafaa kuoshea miguu," mtoto alifikisha, "Bibi anasema mchuzi umemkumbusha kwao." Yule akijibu, "Basi arudi hukohuko," mtoto alisema, "Anasema karibu tena." Hivyo wazee wale wakaishi wakipendana hadi kufa, kwa hisani ya kitoto ambacho meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka.

Ukubwani akawachora wao tu, kilemba cha mmoja, shanga za mwenzake, sufuria katikati. Akifika mdomoni anakwama. Mdomo ukifunguka lazima useme kitu, naye alijua fika ungesema nini.

Mwenye ukumbi wa maonyesho alipoziona picha alivua miwani kama yuko msibani.

"Wanawake walionyamazishwa," akasema.

"Nani? Hawa? Bosi, hawa walikuwa wanagombana hata usingizini."

"Siku ya ufunguzi usiseme hivyo. Wageni wakikuuliza, sema jamii iliwaziba midomo. Halafu chagua upande mmoja wa ukoo. Asili mbili zinawachanganya watu."

"Na nisiposema?"

"Utazibeba urudi nazo nyumbani."

Kutundikwa kwenye kuta zile ndiyo ilikuwa ndoto yake ya siku zote. Akasema atajaribu.

Siku ikafika. Mama yake akaja na viatu virefu vya harusini, akainama kusoma kikaratasi chini ya picha.

"Sauti iliyozimwa? Nani kamzima mama mkwe wangu? Nimeishi naye mimi. Angezimika ningejua."

"Mnaona," mwenye ukumbi akawanong'oneza wageni, "huo ni mzaha wa mtu aliyeumia." Wageni wakamtazama mama kwa huruma. Mama akajikagua nguo, labda amechafuka.

"Mchoraji," mgeni mmoja akauliza, "nani aliwaziba midomo?"

Mwenye ukumbi akamkonyeza. Neno lilikuwa tayari ulimini, tamu, la kumridhisha kila mtu, kama yale ya jikoni. Akalimeza.

"Mimi," akasema. "Walikuwa wanatukanana, nami sikutaka wasikiane."

Kisha makofi.

"Ajabu," mgeni akasema. "Amebeba dhambi ya jamii nzima."

"Hapana, dada. Ni mimi kweli. Nilikuwa mtoto."

Makofi yakazidi. Mwenye ukumbi alimsogelea akimeremeta. "Hiyo ni kali kuliko yangu. Kesho irudie vilevile, na uso huohuo."

"Mama, tuondoke," mchoraji akasema.

"Na picha?"

"Ziache. Hapa zimeshapata mkalimani."

Akamshika mama mkono kwa ajili ya vile viatu, wakashuka ngazi taratibu. Mwenye ukumbi alidhani wamekwenda kupunga upepo, akawawekea viti viwili. Mchoraji hakurudi, wala hakutuma mtu.