Swali la Sakafu

Jumanne nilimpeleka mama kwenye ofisi ya chifu, Kiritiri, ambako wazee na walemavu wasiojiweza walikuwa wakiandikishwa ili serikali iwalipie matibabu, baada ya kujibu maswali ya kupima umaskini wao. Mbele yetu kulikuwa na mzee aliyekatwa mguu kwa sababu ya ugonjwa wa sukari, pamoja na mkewe.

"Sakafu ya nyumba yako ni ya nini, mzee?" karani akauliza kwa sauti.

"Simiti," mzee akajibu haraka.

Mkewe akamgeukia. "Simiti ya wapi? Sema ukweli tupate dawa."

"Mbele ya watu wote hawa?"

Karani, msichana mdogo tu, akaweka kalamu chini. Akabeba kiti chake, akazunguka meza, akaketi kando ya mzee na kumwongelesha polepole kwa Kimbeere, lugha ya huko. Sisi wa foleni, bila kuambiwa, tukarudi nyuma hatua kadhaa.

Jibu la pili sikulisikia. Nilichoona ni mkewe akikunja karatasi ya usajili na kuifunga kwenye leso, huku akitabasamu.

Aliyetunga maswali yale pengine hajawahi kuulizwa sakafu yake hadharani. Zamu ya mama ilipofika, karani alikuwa bado ameketi upande wetu wa meza.